Kufundisha Akiba ya Wanga Mwilini: Somo la Sayansi Linaloanzia Uwanjani

Utangulizi

Asubuhi moja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilisimama kando ya uwanja wa shule ya msingi nikimngoja mwanachuo niliyekwenda kumkagua. Wanafunzi walikuwa wakikimbia mchakamchaka. Katika mzunguko wa nne msichana mmoja wa darasa la tano alitoka mstarini, akaketi chini ya mti na kuinamisha kichwa. Mwanachuo akamwita mvivu mbele ya wenzake, akamwamuru arudi mstarini. Msichana alipojaribu kuinuka aliyumba. Nilimwuliza mara ya mwisho alikula nini. Akajibu kwamba alikula kipande cha muhogo, jana yake, alipotoka shule.

Saa mbili baadaye mwanachuo yuleyule alisimama mbele ya darasa lilelile, akaandika ubaoni: "Vyakula vya wanga hutupatia nguvu." Wanafunzi wakaitamka sentensi hiyo mara tatu, na yule msichana akaitamka pamoja nao.

Sisemi haya ili kumlaumu mwanachuo huyo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomfundisha. Alikuwa na sentensi sahihi, lakini hakuwa na maarifa yaliyomo ndani yake. Kama angelijua wanga huwekwa wapi mwilini, hutumikaje, na akiba yake huisha kwa utaratibu gani, angelifundisha somo bora zaidi. Na pengine asingelimwita mtoto yule mvivu.

Makala haya yanakusudia kumpatia mwanachuo mambo mawili: kwanza, maarifa ambayo hana budi kuwa nayo kabla ya kuingia darasani, pili, njia ya kuyafundisha kwa zana zinazopatikana katika kila kijiji.

Sehemu ya Kwanza: Maarifa ya Mwalimu

(a) Akiba iko wapi?

Ugali, wali, ndizi, viazi na muhogo vina wanga kwa wingi. Wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za sukari iitwayo glukosi. Mate na utumbo huuvunja mnyororo huo, na glukosi huingia katika damu. Lakini damu haiwezi kubeba glukosi nyingi kwa wakati mmoja. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya mna gramu 4 hadi 5 tu, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Glukosi inayozidi mahitaji ya saa ile huungwa upya ikawa mnyororo mwingine wenye matawi mengi, uitwao glikojeni. Mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, aliitenga dutu hiyo kutoka katika ini mwaka 1857. Mtu mzima aliyekula vizuri huweza kuwa na gramu zipatazo 100 za glikojeni katika ini, na zipatazo 400 katika misuli yake yote ikijumlishwa. Viwango hivi hubadilika kufuatana na ukubwa wa mwili, chakula na mazoezi. Mtoto ana akiba ndogo zaidi, kwa sababu ini lake na misuli yake ni midogo.

(b) Akiba mbili, sheria mbili

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wanachuo wengi hudhani kwamba akiba ya mwili ni moja, na kwamba kila kiungo huchota humo. Sivyo. Akiba ya ini na akiba ya misuli hufuata sheria tofauti.

Akiba ya ini ni mfano wa ghala la kijiji. Sukari ya damu inapopungua, ini huivunja glikojeni yake na kuitoa glukosi kwenye damu, nayo damu huipeleka popote inapohitajika. Mteja mkubwa wa ghala hili ni ubongo, ambao kwa mtu mzima hutumia gramu zipatazo 120 za glukosi kwa siku, nao hauna akiba ya maana ya kwake wenyewe.

Akiba ya msuli ni mfano wa mtungi wa nafaka ndani ya nyumba ambayo desturi yake hairuhusu kuazima. Msuli hauna kile kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuifungulia glukosi njia ya kutoka. Kwa hiyo glikojeni ya msuli wa mguu hutumika katika msuli huohuo. Haiwezi kurudi katika damu ikiwa glukosi ili iusaidie mkono au ubongo.

Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 1966 na wataalamu wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, waliojifanyia majaribio wao wenyewe. Waliikabili baiskeli moja ya mazoezi kutoka pande mbili, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu na kuupumzisha wa pili. Kisha walichukua kwa sindano vipande vidogo vya nyama kutoka katika misuli ya mapaja yote mawili. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu mtupu; mguu uliopumzika ulikuwa na akiba yake kama ilivyokuwa. Katika siku zilizofuata walikula vyakula vyenye wanga kwa wingi, na mguu uliofanya kazi ukajaza akiba hata ikafikia maradufu ya ile ya mguu mwingine. Jaribio hilo moja lilifundisha mambo mawili: kwamba msuli hauazimi jirani yake, na kwamba msuli uliofanya kazi hujaza ghala lake kuliko uliokaa bure, mradi chakula kipatikane.

Sasa fikiri juu ya usiku. Mtu anapolala, misuli yake imetulia na akiba yake haipungui sana. Lakini ubongo haulali njaa: ini huendelea kuulisha usiku kucha. Kwa hiyo mtoto anayefika shuleni bila kula tangu jana alasiri huweza kuwa na miguu yenye akiba, ilhali ghala lake la ini limekaribia kwisha. Ni kweli kwamba mwili unazo njia nyingine: ini huweza kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu kama protini na mabaki ya mafuta, na misuli huweza kuchoma mafuta. Lakini njia hizo ni za polepole, na mbio zinapoongeza mahitaji ghafla, mtoto huweza kuona kizunguzungu, kutetemeka, kutoka jasho jembamba, au kushindwa kuelewa anachoambiwa.

(c) Misuli huitumiaje akiba yake?

Msuli hujikunja kwa nguvu itokayo katika dutu iitwayo adenosini trifosfati, au kwa ufupi ATP. Dutu hiyo ni kidogo sana. Pamoja na msaidizi wake, kreatini fosfati, huutosha mwili kwa sekunde chache tu za mbio kali. Baada ya hapo msuli hauna budi kuitengeneza tena na tena, na glikojeni ndiyo kuni iliyo karibu kuliko zote.

Glikojeni huvunjwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya haraka, haihitaji oksijeni, nayo huacha laktati. Njia ya pili huhitaji oksijeni, nayo ni ya polepole zaidi, lakini kwa kila chembe ya glukosi hutoa ATP mara kumi hivi kuliko ya kwanza. Njia zote mbili hufanya kazi pamoja. Kinachobadilika ni uzito wa kila moja kufuatana na ukali wa kazi.

Mfano wa wakimbiaji wetu utasaidia. Mwaka 1974 Filbert Bayi alishinda mbio za meta 1,500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Katika mbio za namna hiyo glikojeni huvunjwa kwa kasi kubwa sana, kwa njia zote mbili, lakini mbio huisha kabla akiba haijaisha. Mwaka 1989 Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kwa mkimbiaji wa marathoni swali ni lingine: je, akiba itamfikisha?

Mwanachuo na apige hesabu. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilometa. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilometa 42 atatumia kilokalori zipatazo 2,520. Akiba yake ya gramu 500, ikizaa kilokalori 4 kwa gramu, ni kilokalori 2,000. Na hata hiyo haiwezi kutumika yote, kwa kuwa misuli isiyokimbia huishikilia iliyo yake. Pengo hilo huzibwa na mafuta, ambayo mwilini ni mengi sana. Lakini mafuta hutoa nguvu polepole. Ndiyo sababu mkimbiaji ambaye glikojeni ya miguu yake imekwisha hasimami kabisa, bali hulazimika kupunguza mwendo hata kama moyo wake unataka kushindana.

Vilevile akiba ya ini huhusika. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 1924, madaktari waliwapima baadhi ya wakimbiaji mwishoni mwa mbio, wakakuta kwamba wale waliokuwa hoi walikuwa na sukari kidogo mno katika damu. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa vyakula vya wanga kabla ya mbio na peremende njiani, na hali yao mwishoni ikawa njema zaidi.

(d) Kosa linalorithishwa

Katika madaftari mengi ya wanachuo bado imo sentensi isemayo kwamba maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mazoezi huletwa na asidi laktiki iliyobaki misulini. Sentensi hiyo ifutwe. Laktati huondoka katika misuli na damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika. Sehemu yake huchomwa na moyo na misuli mingine. Sehemu nyingine hupelekwa kwenye ini na kufanywa glukosi tena. Mzunguko huo ulielezwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi yao juu ya glikojeni. Maumivu ya siku ya pili hutokana na madhara madogo ndani ya nyuzi za misuli iliyofanya kazi isiyoizoea.

Sehemu ya Pili: Hatua za Somo

Somo hili lafaa vipindi viwili vya dakika 40 katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Zana ni muhogo uliochemshwa, punje za mahindi, makopo matatu matupu na uwanja wa udongo.

Hatua ya 1: Wanga una sukari ndani yake (dakika 15)

Wanafunzi wanawe mikono. Kila mmoja apewe kipande kidogo cha muhogo, akitafune polepole kwa dakika moja kabla ya kumeza. Waulizwe ladha imebadilikaje. Wengi watasema kwamba kuna utamu uliojitokeza. Mwalimu aeleze kwamba mate yameanza kuuvunja mnyororo wa wanga. Chakula kilicholetwa darasani kiliwe. Wala mtoto asiambiwe atafune kisha ateme.

Hatua ya 2: Kwa nini glikojeni ina matawi? (dakika 25)

Darasa litoke nje. Mwalimu achore ardhini mstari mmoja ulionyooka, na juu yake zipangwe punje 60. Kando yake achore mti wenye shina la punje 12 na matawi 12 yenye punje 4 kila moja. Jumla ni 60 vilevile. Kanuni ni moja: punje huokotwa kutoka ncha iliyo wazi tu, moja kwa kila kofi analopiga mwalimu. Kwenye mstari asimame mwanafunzi mmoja penye ncha. Kwenye mti wasimame kumi na wawili, kila mmoja penye ncha ya tawi lake.

Mstari utahitaji makofi 60. Matawi ya mti yataisha kwa makofi 4, na shina, likiokotwa na mwanafunzi mmoja, litaongeza 12. Jumla makofi 16. Wanafunzi wasiambiwe sababu, waulizwe. Watagundua wenyewe kwamba ncha nyingi huruhusu mikono mingi kufanya kazi pamoja. Hapo mwalimu aseme kwamba mikono hiyo ni mfano wa vimeng'enya, na kwamba msuli unaokimbia hauwezi kungoja mnyororo wa ncha moja.

Hatua ya 3: Mchezo wa ghala na mitungi (dakika 30)

Darasa ligawanywe makundi manne: Ini, Miguu, Mikono na Ubongo. Ini, Miguu na Mikono wapewe kila mmoja kopo lenye punje 20. Ubongo wasipewe kopo. Kanuni zitamkwe na kurudiwa:

1. Kwa kila kofi, Ubongo huchukua punje 1 kutoka kwa Ini.
2. Kwa kila kofi, Miguu hutumia punje 1 kutoka katika kopo lao.
3. Kwa kila kofi la pili, baada ya Ubongo kuchukua, Miguu huchukua punje 1 zaidi kutoka kwa Ini.
4. Punje iliyo katika kopo la Miguu au la Mikono haitolewi kumpa kundi lingine.

Katika kofi la 14 Ini litatoa punje yake ya mwisho. Mwalimu asimamishe mchezo na kuuliza: "Mikono wana punje ngapi? Miguu wamebakiwa na ngapi? Mbona Ubongo hawana kitu?" Mikono watakuwa na 20 zote, na Miguu 6.

Kisha mchezo urudiwe, safari hii Ini likianza na punje 8 tu, kama mtu aliyeamka na hajala. Punje ya mwisho itatoka katika kofi la 6, na Miguu watakuwa bado na punje 14. Mwalimu aseme wazi kwamba hesabu hizi ni za mchezo, si vipimo vya mwili. Linalofanana na mwili ni utaratibu. Nilipoujaribu mchezo huu na wanachuo, walinyamaza kidogo katika kofi lile la 6. Ukimya wa namna hiyo usiharakishwe.

Hatua ya 4: Kuhitimisha (dakika 10)

Wanafunzi waandike kwa maneno yao wenyewe sentensi tatu: akiba ya wanga huwekwa wapi, ni ipi inayogawiwa viungo vyote, na ni ipi isiyogawiwa.

Sehemu ya Tatu: Mambo ya Kuangalia

Kwanza, walimu wengine hupenda jaribio la kukunja na kukunjua ngumi upesi kwa dakika moja mpaka mkono uchoke, kisha husema kwamba akiba imekwisha. Hilo si kweli. Dakika moja haitoshi kuimaliza glikojeni ya msuli. Uchovu ule hutokana na mabadiliko ya muda ndani ya msuli, nao hupoa upesi mtu akipumzika. Jaribio litumike kuonyesha tu kwamba mkono huweza kuchoka peke yake huku miguu ikiwa mizima.

Pili, usiulize darasani, "Nani hakula leo?" Swali hilo humvua mtoto nguo mbele ya wenzake. Mchezo wa makopo unatosha kumfundisha kila mmoja bila kumtaja yeyote. Ukitaka kujua hali ya mtoto, mwulize faraghani, kwa upole, kama mzazi.

Tatu, si kila mtoto anayeketi chini ana njaa. Huenda ana malaria, upungufu wa damu, pumu au ukosefu wa usingizi. Maarifa ya glikojeni hayamfanyi mwalimu kuwa mganga. Humfanya aulize kabla ya kuhukumu, ampe mtoto kivuli, maji na kitu cha kula kikipatikana, na kumpeleka kwenye zahanati hali isipotengemaa.

Nne, penye chakula shuleni, saa ya chakula ni sehemu ya somo. Uji wa asubuhi hulijaza ghala la ini. Misuli iliyochoshwa sana huhitaji siku nzima hivi, pamoja na chakula cha kutosha, ili irudishe akiba yake. Mwalimu wa michezo anayepanga mashindano ya mbio siku mbili mfululizo, na watoto wakalala na chakula kidogo katikati, asishangae matokeo ya siku ya pili.

Hitimisho

Ndugu mwanachuo, sentensi "vyakula vya wanga hutupatia nguvu" si ya uongo, lakini haitoshi. Mtoto anayo haki ya kujua kwamba nguvu hiyo huwekwa akiba, kwamba akiba hiyo ina mahali na mipaka, na kwamba ikiisha hapana ukali wa mwalimu utakaoirudisha. Kabla ya kuiandika ubaoni, tazama kwanza waliomo uwanjani.

Maswali ya Kujipima

1. Eleza kwa nini glikojeni ya misuli ya mikono haimsaidii mkimbiaji ambaye sukari ya damu yake imepungua.
2. Mtu wa kilo 50 anatembea na kukimbia hadi shuleni, kilometa 6. Ikiwa kilometa 4 alizikimbia, kadiria kilokalori alizotumia katika kukimbia, na gramu za wanga ambazo zingetoa nguvu hiyo kama wanga pekee ungetumika.
3. Badilisha kanuni za mchezo wa ghala ili uonyeshe mtu anayekunywa uji katikati ya mbio. Je, punje ziingie katika kopo gani kwanza? Toa sababu.
4. Mwanafunzi wako ameandika: "Misuli huuma siku ya pili kwa sababu ya asidi laktiki." Andika maelezo mafupi utakayompa, bila kumvunja moyo.